Mafaili Saba ya Wodi Moja

Benchi la kijiwe hiki halikuzaliwa benchi. Lilianza maisha likiwa meza ya kuchorea katika ofisi ya Mzee Msanifu, na wiki ile kompyuta zilipoingia kwa mbwembwe likatupwa nje, likaokotwa, likalazwa juu ya matofali mbele ya karakana ya Bisibisi, fundi wa kompyuta na simu. Ukipapasa ubao wake utakuta bado matundu ya pini na mikwaruzo ya wembe. Pembe ya kushoto hukaa Rula, aliyekuwa mchoraji wa ofisi ile miaka ishirini na sita, mtu asiyeweza kuona mlango asikutajie upana wake. Na hapo hakai mtu mwingine, kwa kuwa ndipo alipokuwa akichorea tangu meza ikiwa meza. Pembe ya kulia ni ya Dalali, ambaye kila nyumba anayoinadi ina vyumba vitatu hata kama ina kimoja. Mbele yao, kwenye kigoda, anatawala Mama Birika na kahawa yake. Siku nyingine zote asubuhi huanza na siasa ikaishia kwenye mpira. Leo kahawa ilipoa vikombeni, kwa sababu Bisibisi alikuwa ametoa nje kompyuta kuukuu, ameiweka juu ya kreti la soda, na ilikuwa inanguruma.

— Hiyo inawaka au inakata roho? aliuliza Mama Birika.

— Inawaza, alisema Bisibisi. Haijawashwa miaka kumi na moja. Hata wewe ungeamshwa hivyo ungeguna.

— Mwenye kelele hana neno, alisema Dalali. Basi hiyo haina neno ndani. Tunywe kahawa.

— Dalali, kompyuta hii umeileta wewe mwenyewe.

— Nimeileta, ndiyo. Mpangaji wangu alikuwa anazuilia nayo mlango usijibamize. Kazi hiyo ilikuwa inaiweza.

Rula hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na macho yake yalikwenda kwenye kioo cheusi, yakavuka barabara, yakarudi. Ng'ambo ya barabara ilikuwapo wodi ya wazazi, jengo la chini lenye paa jekundu na foleni ya akina mama kwenye kivuli cha ukuta. Wodi ile aliichora yeye. Mzee Msanifu alifikiri, Rula akachora, na mjukuu wa kwanza wa Rula akazaliwa humo. Sasa kulikuwa na mpango wa kuipandisha ghorofa moja, na mkandarasi amesema waziwazi: akipata michoro inayoonyesha nguzo na nondo, atajenga juu, asipoipata kufikia saa sita mchana wa leo, atapendekeza jengo livunjwe lianze upya. Akina mama wangepelekwa hospitali ya mbali miaka miwili. Rula hakulala vizuri wiki nzima.

Tatizo ni kwamba michoro ya wodi haikuwahi kuguswa na penseli. Ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza za ofisi kuzaliwa ndani ya kompyuta, na humo ndimo ilimokaa. Nakala za karatasi zilikwenda na mafundi kwenye saiti, zikaishia kufungia misumari. Mzee Msanifu alifariki, ofisi ikafungwa, na mafaili yakabaki kwenye diski ambayo kila kompyuta mpya ikipewa inasema haijui hiyo ni lugha gani. Ndiyo maana ikatafutwa kuukuu, yenye programu ileile ya zamani.

— Nyinyi mlinicheka, alisema Rula. Nilisema karatasi. Karatasi ukiikuta baada ya miaka hamsini, unasogea dirishani unasoma. Hii unahitaji mashine, na programu ya mashine, na umeme, na Bisibisi.

— Karatasi inaliwa na mchwa, mzee wangu.

— Mchwa anakula pembeni, katikati unasoma. Hii ikiharibika herufi moja, inakataa nyumba nzima.

Kioo kikawaka.

Walisimama wote, hata Mama Birika, ambaye hainuki kwa ajili ya mtu. Kioo kilikuwa cha samawati, kikageuka kijivu, kikatoa picha ya mawingu, halafu safu ya vialama vidogo ambavyo Rula alivitambua mara moja, kama mtu anayeona viatu vyake vya zamani mlangoni pa jirani.

— Hicho chenye pembetatu, alisema. Bonyeza hicho. Polepole.

— Mzee, mimi ndiye fundi.

— Na mimi ndiye niliyelala nacho miaka kumi. Bonyeza.

Bisibisi akabonyeza. Mashine ikanguruma tena, ikatulia, na programu ya zamani ikafunguka pwaa, nyeusi, na mistari miwili ya njano iliyopishana katikati. Dalali akajipiga paja kwa furaha. Mama Birika akamimina kahawa ya bure, jambo ambalo kijiwe hakijawahi kuliona, na akajuta papo hapo.

— Haya, fungua diski tuone wodi yetu, alisema Rula.

Bisibisi akafungua diski. Orodha ikashuka. Wakainama wote wanne, vichwa vikagongana, na Bisibisi akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu.

— "Wodi mwisho." "Wodi mwisho kabisa." "Wodi mwisho kabisa kweli." "Wodi mwisho usiguse." "Wodi mwisho mzee amekubali." "Wodi mwisho mzee amekataa." Na hii hapa chini, "wodi mpya."

Mama Birika akaweka birika chini.

— Nani alibatiza watoto hawa? aliuliza Mama Birika.

— Mimi, alisema Rula.

— Na ulikuwa na akili zako?

— Kila nikimaliza nilijua nimemaliza. Mzee Msanifu anakuja, anaangalia, anasema pazuri, ila dirisha hili lisogee kidogo. Sasa ile ya kwanza nifute? Nikifuta, kesho atasema dirisha lirudi. Kwa hiyo naacha, naandika nyingine. Bisibisi, tazama tarehe. Ya mwisho kwa tarehe ndiyo yenyewe.

Bisibisi alitazama tarehe, akajikuna kisogo. Mafaili yote saba yalikuwa na tarehe moja, Jumatano moja ya mwaka jana, saa tisa na dakika saba alasiri.

— Mwaka jana? alisema Rula. Mwaka jana mimi nilikuwa nafuga kuku.

— Ile diski ilikuwa imekufa, mzee, uliponiletea. Si unakumbuka? Nikayafufua mafaili, nikayatia kwenye diski mpya. Aliyefufuka anaanza kuhesabu umri upya.

— Hukuandika zile tarehe za kwanza mahali?

— Nilifurahi mno. Nilipoona yamepona sikufikiri kuandika kitu.

Rula hakuwa na la kumlaumu, maana hata yeye siku ile alifurahi akanunua soda kwa watu watano. Akakumbuka jambo.

— Kona ya chini kulia. Kila mchoro una kisanduku cha tarehe, naandika mimi mwenyewe. Fungua yoyote.

Faili moja lilichukua dakika nne kufunguka. Mistari ilijitokeza mmoja mmoja, kuta, milango, sinki, na Rula alikuwa akitaja vipimo kabla havijaandikika. Kisanduku cha kona kikatokea. Wakasoma tarehe. Dalali akaisoma mara ya pili, kwa sauti.

— Mbona hii ni kabla wodi haijafikiriwa? Na hapa juu imeandikwa "choo cha soko."

— Kisanduku nilikihamisha kutoka kwenye kazi ya soko, alisema Rula taratibu. Ili nisichore upya. Jina la ndani nilibadilisha baadaye. Nilidhani.

Hapo ndipo kijiwe kilipochemka. Yalikuwa mafaili saba, saa nne na nusu asubuhi, na kila mtu alikuwa na elimu yake.

— Ni hesabu nyepesi, alisema Bisibisi. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu akiendelea kuchora, faili linanenepa. Lililo nene kuliko yote ndilo la mwisho. Na hilo ni "mzee amekataa."

— Yaani mkandarasi apelekewe alichokikataa mwenye kazi?

— Namba hazina chuki, Dalali.

— Wewe hujawahi kuuza nyumba, alisema Dalali. Mteja anaanza na ndoto: baraza, roshani, chemchemi ya maji. Mwisho wa siku anabaki na vyumba vitatu. Mchoro wa mwisho daima ni mwembamba. Chukua lililokonda. Tena liko chini kabisa ya orodha, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumeinama. Ndilo hilo, "wodi mpya."

— Ile methali haisemi hivyo, alisema Mama Birika.

— Inasema uiname. Sijaiongezea.

— Mimi nawaambia ni "usiguse." Mtu haandiki usiguse kwenye kitu cha ovyo. Kwangu sufuria ninayowaambia watoto wasiiguse ndiyo yenye nyama.

— Hapana, hapana, alisema Dalali. Sogea. Akasogea yeye mwenyewe mpaka karibu aangushe kreti. Mnamjua Mzee Msanifu nyinyi? Yule alikuwa mjanja. Michoro iliibwa sana enzi zile. Sasa mwizi akija, ataiba "amekubali." Kwa hiyo mzee anafanya nini? Ile nzuri anaiita "amekataa," na ile mbaya anaiita "amekubali." Mwizi anajenga wodi inaanguka, mzee anacheka.

— Kwa hiyo sasa unakubaliana na mimi, alisema Bisibisi.

— Nakubaliana na faili. Na wewe bado.

— Mimi nitakwambia jambo ambalo mafundi hatulisemi hadharani, alisema Bisibisi, akashusha sauti. Mafaili yakikaa pamoja miaka mingi kwenye diski moja yanaambukizana. Hili linachukua mlango wa lile. Inawezekana kabisa la mwisho halisi liko robo huku, robo kule, tukiyaunganisha yote saba ndiyo tunaipata wodi.

— Yanazaana pia? aliuliza Mama Birika.

— Sijasema yanazaana.

— Kwa sababu yakizaana, yapeleke hapo ng'ambo, wanapokea.

Walicheka mpaka Bisibisi akamwaga kahawa kwenye kibodi na kicheko kikakatika ghafla. Akaipindua kibodi, akaikung'uta, akaifuta kwa shati. Herufi zote zilikuwa bado zinafanya kazi isipokuwa moja, na haikuhitajika sana.

Rula peke yake alikuwa anayafungua mafaili moja moja na kuyasoma. Katika "mwisho" wa kwanza chumba cha dawa kilikuwa kaskazini. Katika "kabisa" kikahamia mashariki, ndiko kilipo mpaka leo. "Kabisa kweli" lilikuwa na dirisha la ziada. "Amekataa" lilikuwa na ngazi ambayo aliikumbuka vizuri, maana waliigombania siku mbili. Alipofika "amekubali" akanyoosha mgongo. Milango ilikuwa mahali pake. Sinki zilikuwa mahali pake. Nondo zilikuwa zimeandikwa zote, unene na nafasi, kwa vifupisho vyake mwenyewe.

— Hili, alisema. Ndilo hili. Mzee alikubali, tukalipeleka saiti. Ndilo lililojengwa.

— Una hakika?

— Bisibisi, mtu hamsahau mwanawe.

Bisibisi akampiga bega. Dalali alitangaza kwamba ndilo alilokuwa akilisema tangu mwanzo, kwa njia yake. Saa tano na dakika arobaini faili lilikuwa limegeuzwa picha inayofunguka kwenye simu yoyote, limehamishiwa kwenye simu ya Bisibisi, na namba ya mkandarasi ilikuwa juu ya kioo. Rula alihisi ubao wa meza yake ya zamani chini ya mapaja yake na akajisikia kijana. Miaka yote amekuwa akiambiwa kazi yake imepotea ndani ya mashine, na sasa ilikuwa hii hapa, nzima, ikisubiri kidole kimoja tu.

Mwanamke mwenye sare nyeupe akavuka barabara akiwa na chupa ya chai. Alikuwa mkunga mkuu wa wodi, na hakuwahi kukaa kijiweni, kahawa huagiza.

— Nasikia kelele tangu saa tatu, alisema. Wagonjwa wanauliza kama kuna harusi. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mama Birika. Njoo uone nyumba yako ikiwa tumboni.

Akamsogezea nafasi mbele ya kioo. Mkunga akainama, mikono mgongoni, akatabasamu kidogo kidogo kadiri alivyoitambua.

— Huu mlango wetu wa mbele. Hapa ndipo wanaposubiri. Hapa dawa. Hii sinki inayovuja.

— Haivuji kwenye mchoro, alisema Rula.

— Kweli ninakuvulia kofia, mzee. Hapa chumba cha kujifungulia. Akagusa kioo. Na hiki kimraba cheusi hapa katikati ni nini?

— Nguzo hiyo. Ndiyo inayobeba boriti kubwa. Ghorofa yote ya juu itaegemea hapo.

— Hapa katikati ya chumba?

— Katikati hasa. Mita tatu na nusu kutoka kila ukuta.

Mkunga alinyanyuka, akamtazama Rula, akatazama kioo tena.

— Mzee wangu, miaka kumi na minne nasukuma vitanda katika chumba hicho. Usiku wakati mwingine bila taa. Nguzo yenyewe iko wapi?

Kidole cha Bisibisi kilikuwa bado kimening'inia juu ya simu, na akakiondoa kwa uangalifu, akakificha mfukoni.

— Labda ni nyembamba, alisema Dalali.

— Dalali, nyamaza, alisema Mama Birika.

Rula alivua miwani. Ilikuwa imemrudia yote kwa mpigo, na alitamani isingemrudia. Ilikuwa jioni, umeme unakatika na kurudi, na Mzee Msanifu anapiga simu kutoka saiti huku nyuma yake mafundi wanagonga mbao.

— Mficha uchi hazai, mzee, alisema mkunga kwa upole. Sema tu.

— Aliniambia anaitoa, alisema Rula. Vitanda visingegeuka. Akasema, nimeshawachorea mafundi kwa chaki ukutani jinsi ya kufanya, nikirudi nitakueleza, wewe utarekebisha kwenye kompyuta. Nikasema sawa mzee, kesho. Kesho yake kukaingia kazi nyingine. Na ya kesho kutwa. Na mimi nikawa naona "amekubali" kila siku hapo kwenye orodha, najua imekamilika.

— Na ile chaki?

— Ilipigwa plasta juu yake.

Alisema hivyo akainamisha kichwa. Aibu ilimshika mbele ya watu aliokunywa nao kahawa miaka tisa, na zaidi mbele ya yule mama mwenye sare, kwa sababu alikuwa amebakiza dakika chache tu ampandishie ghorofa juu ya nguzo isiyokuwapo. Bisibisi akafungua mafaili sita yaliyobaki, dakika nne kwa kila moja. Nguzo ilikuwapo katika yote. Katika lile nene ilikuwa na kivuli kabisa.

Simu ikalia. Alikuwa mkandarasi, na saa sita ilikuwa imeshapita kidogo. Bisibisi akamnyooshea Rula simu kama anamkabidhi kaa la moto, na Rula akaipokea.

— Mzee, habari za mchana. Mmeupata mchoro au niandike barua ya kuvunja?

— Tumeupata, alisema Rula.

— Alhamdulillahi. Nitumie basi.

— Sitaki kukutumia. Ni mchoro mzuri sana, lakini si wa jengo hili. Jengo hili halijachorwa bado. Nipe mpaka Ijumaa.

Upande wa pili ikasikika karatasi ikipekuliwa.

— Ijumaa saa sita, alisema mkandarasi. Si saa saba.

Rula akarudisha simu. Akaingia karakana bila kuomba, akatoka na futi ya chuma, nyundo ndogo na kipande cha karatasi ambacho Bisibisi alikuwa amefungia skrubu. Akakikunjua, akakilaza juu ya benchi, akakinyoosha kwa kiganja mahali palepale alipokuwa akinyoosha karatasi zamani.

— Tutagonga plasta mpaka ituambie, alisema. Nitapima kila ukuta. Bisibisi, wewe fungua faili jipya.

— Niliite nani?

— Andika tarehe ya leo. Na mwaka. Na jina la aliyepima. Basi.

— Nisiandike mwisho?

— Ukiandika mwisho nitakuvunja mkono.

Dalali akajitolea kushika ncha ya futi, na kwa mara ya kwanza hakusema ni vyumba vingapi. Wakavuka barabara watatu, mkunga mbele, Rula na Dalali nyuma yake, na akina mama kwenye foleni wakawapisha. Mlangoni pa chumba cha kujifungulia mkunga alisimama, akatazama juu, kwenye dari pana nyeupe iliyokwenda kutoka ukuta hadi ukuta bila kuguswa na kitu.

— Mzee, alisema, sasa kama nguzo haipo, hiyo imeshikiliwa na nini miaka yote hii?

Rula alitazama juu. Dalali alitazama juu. Huko nyuma, kijiweni, Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Rula na halikutoa kitu.

— Shika hapo, alisema Rula, akaivuta futi.